Jiwe la Kidato cha Pili

Baba yangu alitengeneza jiwe. Sisemi alilichonga wala alilichimba. Alilitengeneza kuanzia udongo, kwa mashine, mchana kweupe, na mimi mwanawe mwenye cheti cha ualimu ndiye niliyemtia wazimu huo.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka, ruksa wazazi kujichangisha na kufungua shule yao, na mwishowe ruksa mtu yeyote mwenye lori na mizani kununua pamba. Kabla ya hapo pamba yote ilinunuliwa na ushirika, na iliyopita pembeni mwa mji wa Bariadi ilipita mikononi mwa baba. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mashine ya kufunga marobota pale kwenye kinu cha pamba. Pamba iliyokwisha kuchambuliwa iliingia kwenye sanduku la chuma lenye kimo cha mtu, bamba zito likapanda kutoka chini likiibana juu, na kilichotoka ni robota gumu kiasi kwamba ukilipiga teke unaumia wewe. Alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Kanisani alikuwa mpole, kinuni alikuwa mkali, na nyumbani alikuwa amechoka.

Basi malori ya watu binafsi yakaanza kupita mbele ya geti la kinu, yamejaa pamba yetu, yakielekea Maswa na kwingineko bila hata kupunguza mwendo. Kinu hakikufungwa. Hakuna aliyeandika barua ya kukifunga. Kiliachwa tu, kama vile mtu anavyosahau mwavuli kwenye basi. Wenzake baba wakarudi mashambani mmoja mmoja, hadi wakabaki wawili, yeye na mlinzi. Kila asubuhi alivaa oveoli yake, akaenda, akajiandikia mwenyewe kwenye daftari la mahudhurio, akapaka mashine grisi, akakaa, akala kiporo chake, akarudi jioni. Mama alipomuuliza habari za kazi alijibu kwa dhati kabisa, "Leo kazi ilikuwa nyepesi."

Alikuwa na sababu yake. Kamati ya ushirika ilikuwa imemwambia kwamba atakuja mtu wa kampuni kukiangalia kinu. Mashine ikionekana nzima, itakodishwa pamoja na mtu wake anayeijua. Ikionekana mbovu, itauzwa chuma chakavu. Baba hakutaka kingine duniani. Alitaka siku moja awashe ile injini mbele ya huyo mtu, afunge robota, na mashine yake irudi kazini.

Mimi nilikuwa nafundisha jiografia kwenye ile shule ya wazazi. Tulikuwa na madarasa mawili yenye paa na la tatu lenye matumaini. Silabasi iliniamuru niwape wanafunzi wa kidato cha pili miamba ya aina zote waishike na kuitofautisha: miamba ya moto, miamba ya mashapo inayotokana na mchanga na matope yaliyolaliana, na miamba geu, ile iliyobanwa na kupikwa chini ya ardhi hadi ikabadilika umbo na tabia. Mawe Usukuma si tatizo. Mawe tunayo hadi ng'ombe wanajikwaa. Tatizo ni kwamba yale makubwa ya upande wetu karibu yote ni ya ukoo mmoja, ya moto, na ukimwonyesha mtoto mawe thelathini ya ukoo mmoja hujamfundisha kutofautisha, umemfundisha kuchoka.

Nikaagiza kila mwanafunzi alete jiwe la ajabu kutoka kwao. Waliniletea sakafu ya zahanati, kipande kizima, mpaka leo sijui ya zahanati ipi. Waliniletea kigae cha chungu na mfupa wa goti la ng'ombe. Msichana mmoja aliyetoka Mwandoya alileta bonge la chumvi ya mifugo, na huyo alikuwa amepatia, maana chumvi iliyobaki maji yakikauka ni mashapo halali. Nikalipitisha darasani walishike. Kila mtu alilishika, kisha akalilamba kuhakikisha, na lilipofika dawati la tatu sampuli yangu ilikuwa imepungua nusu.

Mvulana mmoja ndiye aliyenifurahisha. Alileta jiwe jeupe, gumu, linalong'aa ukilivunja ukingo. Ulikuwa mchanga wa kale uliogeuka jiwe, kisha jiwe hilo likabanwa na joto hadi punje zake zikashikana zikawa kitu kimoja. Jiwe geu kamili! Nilikuwa bado nalisifia pale bibi yake alipoingia darasani bila kubisha hodi. Lilikuwa jiwe lake la kusagia. Akalitazama, akanitazama, akajitwika kichwani.

"Mayu, unga hausagwi kwa chaki," akasema, akaondoka.

Jioni hiyo nilikuwa nalalamika nyumbani, na mimi nikilalamika hata majirani wanajua. Darasani tuliyasema hayo mambo kwa Kiingereza, nyumbani nikayamwaga kwa Kiswahili, na penye hasira kwa Kisukuma. Baba alikuwa ananawa mikono.

"Subiri, mayu," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kama baba wengi wa kwetu wanavyomheshimu binti kwa kumwita mama, kwa Kisukuma. "Unataka kuniambia jiwe ni robota?"

"Jiwe la mashapo, ndiyo, unaweza kusema hivyo. Tabaka juu ya tabaka, uzito unakamua maji, halafu kuna madini yanayobaki katikati yanashika punje kama gundi."

"Muda gani?"

"Mamilioni ya miaka, baba."

Akacheka hadi maji yakammwagikia miguuni. "Hao hawakuwa na mashine."

Kisha akakaa, akanipigia hesabu yake. Mtu akishindilia pamba kwa miguu, atakanyaga kutwa nzima na robota litoke legelege. Mashine inafanya kwa dakika chache na robota linatoka jiwe. Kwa hiyo uzito ukizidi, muda unapungua. Hayo mamilioni ya miaka yangu ni hesabu ya kukanyaga kwa miguu. Nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu, nimefaulu, na nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Mama alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Mtoto akililia wembe, mpe." Mtoto aliyemsema alikuwa na wajukuu watano.

Ningekataa. Nilijua kabisa kwamba mashine ile ilikuwa inangoja mgeni wake. Lakini nilimwona baba akiinuka kutafuta penseli, na ilikuwa misimu miwili sijamwona akiinuka hivyo kwa jambo lolote, nikasema sawa.

Siku ya kazi nikaenda kinuni na darasa zima. Udongo alichagua yeye, kwa kuwa mkulima wa Kisukuma anaujua udongo kama anavyowajua ng'ombe wake, kila mmoja kwa jina. Chini aliweka luseni, mchanga ule mweupe wa miinuko. Juu yake akaweka udongo mweusi wa mbuga, kisha udongo mwekundu ambao wanafunzi waliubeba kwa viroba kutoka Ngulyati, kisha makombe ya konokono yaliyopondwa, kisha akaanza tena, kila tabaka akililowesha maji. Mwalimu mkuu alifika na suti yake ya kaunda ya rangi ya maziwa, akasimama karibu na sanduku kwa sababu ndipo wakubwa wanaposimama.

Baba akawasha injini. Jamani. Sauti ile haikuwa imesikika mjini kwa misimu miwili. Watu wakatoka majumbani. Mzee mmoja alikuja mbio na baiskeli, amefunga gunia la pamba nyuma, akidhani kinu kimefufuka, na baba alilazimika kwenda mwenyewe getini kumweleza kwamba leo tunafunga udongo. Mzee akaangalia wanafunzi, akaangalia matope, akageuza baiskeli pole pole.

Bamba likapanda. Maji yakaanza kukamulika kama nilivyofundisha, ila vitabu havikunionya kwamba yangekamulika kwa kasi ile. Yalitoka kwenye kila upenyo wa sanduku, meusi ya mbuga, na zaidi ya nusu yakamwangukia mwalimu mkuu. Wanafunzi hawakucheka. Niliwafunza vizuri. Waliandika. Baadaye kwenye jaribio mmoja wao aliandika kwamba miamba ya mashapo hutokea pale dizeli inapotosha, na nilishindwa kumkosoa moja kwa moja.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba baba alisikia neno gundi. Na baba hakuwa mtu wa kungoja gundi ije yenyewe. Katikati ya matabaka, sisi tulipokuwa tumegeukia kwingine, alikuwa amemimina mfuko mzima wa saruji iliyokuwa imetunzwa stoo kwa ajili ya msingi wa injini. Halafu akaiacha mashine imebana hivyo hivyo, siku nne, kama mtu anavyofunika ugali.

Siku ya tano mlango wa sanduku haukufunguka.

"Wewe mwenyewe ulisema kuna gundi," akaniambia.

"Ya asili, baba!"

"Na hii nimeipata Mbinguni?"

Alasiri hiyohiyo katibu wa kamati alileta barua. Mtu wa kampuni angefika Alhamisi kuikagua mashine ikifanya kazi. Siku tatu. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. Mashine yake iliyopakwa grisi kila siku kwa misimu miwili, nzima kuliko mashine zote za mkoa, ilikuwa na jiwe tumboni. Nami ndiye niliyelitia.

Tulijaribu patasi na nyundo kupitia upenyo wa juu. Kutwa nzima tukatoa makapi ya kujaza kofia. Tulimwaga maji, jiwe likayanywa likakaa kimya. Usiku sikulala, nikifikiria asidi ya maabara tuliyoahidiwa na wazazi tangu shule ifunguliwe. Asubuhi ya Jumatano nilipofika nikamkuta baba na mlinzi wamezungushia sanduku makaa na maganda ya mbegu za pamba, na moto unawaka vizuri sana.

"Baba, unafanya nini?"

"Ulisema nyumbani kwamba jiwe likibanwa na likipata joto linageuka."

"Linageuka kuwa gumu zaidi! Matope yanakuwa jiwe laini la tabaka, jiwe laini linakuwa jiwe gumu la kuezekea, na ukizidisha linakuwa gumu la kukata kioo! Hakuna mahali linageuka kuwa laini!"

Akasimama na koleo mkononi, amepauka majivu. "Hiyo hukuisema siku ile."

Na kweli sikuisema. Nilikuwa nimeishia kwenye mashapo, miamba geu tulipanga wiki inayofuata. Mwalimu yeyote anajua hatari ya kuliacha somo katikati, ila sidhani kama kuna aliyelipia kama mimi. Nilikaa juu ya kiroba tupu nikawaka hasira, kwanza kwa baba, kisha kwa mtunga silabasi, kisha kwa nafsi yangu. Wakati huo wanafunzi wangu wawili, waliotumwa kuniletea daftari za kusahihisha, wamesimama wanautazama moto. Yule msichana wa Mwandoya akauliza kwa adabu, "Mwalimu, sasa hivi ni geu tayari au bado ni mashapo?" Nikamwambia aandike kwamba liko njiani.

Alhamisi mchana mgeni akafika. Kijana, miwani ya jua, viatu visivyowahi kuonana na udongo wa mbuga. Mimi nilikuwa nimesimama getini na mwalimu mkuu, ndiyo maana niliona alichokuja nacho. Nyuma ya gari lake lilikuja lori, likaegeshwa nje ya ukuta, na nyuma ya lori, chini ya turubai lililofunika nusu, palikuwa na mitungi mirefu ya gesi na mipira yake. Ile ya kukatia chuma. Wanaume wawili walikuwa wameketi juu yake wanakula miwa.

Nilielewa pale pale. Mtu anayekuja kukodi mashine haji na mitungi. Nikataka kukimbia ndani kumwambia baba, na sikukimbia, kwa sababu baba alikuwa ameshajitokeza mlangoni. Oveoli ilikuwa imepigwa pasi. Alikuwa amenyoa.

"Mwadila, bwana," akasalimia. Kijana hakujua kuitika, akasema poa.

Baba akamtembeza, mimi na mwalimu mkuu tukiwafuata nyuma. Akamwonyesha mikanda, pampu, geji, kila nati. Walipofika kwenye sanduku, ambalo lilikuwa limepakwa masizi, akasimama wima kama anatoa ushahidi.

"Ndani kuna jiwe."

"Jiwe la nini?" kijana akauliza.

"La kidato cha pili."

Kijana akaniangalia mimi, mimi nikaangalia upande wa geti, ilikokuwa mitungi. Baba akaendelea. Angeweza kuweka pamba juu ya jiwe na kufunga robota fupi, akasema, na bwana asingejua. Lakini hajawahi kutoa robota lenye kitu kingine ndani, na hataanza leo. Badala yake atalivunja jiwe kwa mashine hiyohiyo, mbele yake, kisha atafunga robota safi. "Mashine inayoshindwa na udongo si mashine," akasema.

Kijana akatazama saa. "Haya, mzee, fanya."

Injini ikawaka. Bamba likapanda, likakutana na jiwe, likasimama. Baba akaongeza. Mshale wa geji ukapanda, ukafika mahali ambapo marobota huishia, ukapita. Ukaingia kwenye rangi nyekundu. Mwalimu mkuu, ambaye safari hii alisimama mbali, akaanza kurudi nyuma zaidi. Baba alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani wa pampu na mwingine ubavuni mwa mashine, anaisikiliza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona tena. Mshale ukafika mwisho wa geji, ukakosa pa kwenda.

Kilichovunjika si jiwe. Nguzo moja ya mashine, nene kama paja, ilipasuka kwa mlio ambao mbwa wa mji mzima waliujibu. Kichwa cha mashine kikainama upande. Mlango wa sanduku uliokuwa umegoma siku tatu ukafunguka wenyewe, kwa upole, kama mlango wa nyumba ya wageni.

Na hapo lazima nikiri jambo la aibu. Jiwe lilionekana lote kwa ubavu. Tabaka jeupe, jeusi, jekundu, jeupe tena, na kwa ule moto na ule mbano wa mwisho yalikuwa yamejikunja, yamejipinda kama mkeka uliosukumwa ukutani, mawimbi mazuri kabisa, kama kwenye picha ya kitabu. Kwa muda wa pumzi tatu nilikuwa mwalimu na sikuwa binti wa mtu. Nilifurahi. Kisha nikamwona baba anazima injini.

Mwalimu mkuu, ambaye ana methali kwa kila msiba, akamshika bega. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mzee."

"Koleo ninazo tatu nyumbani," baba akamjibu.

Kijana akaandika kitu kwenye karatasi, akashukuru, akapiga mluzi kuelekea getini. Wale wawili wakatupa maganda ya miwa na kuanza kushusha mitungi. Hakuna aliyeuliza swali. Kufikia jioni nguzo tatu zilizosalia zilikuwa zimelala chini, na jiwe limesukumwa kando uani kwa kuwa halikuwa chuma.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua bado lipo. Baba alitembea mbele yangu kidogo, na kila hatua nilisikia anajihesabia kosa. Roho iliniuma. Nikaona nina dawa, nikaitoa.

"Baba, hukuua mashine. Walikuja na mitungi ya gesi. Niliiona kabla hujawasha. Ungewafungia robota zuri kuliko yote ya maisha yako, bado wangeikata."

Akasimama. Waendesha baiskeli wawili wakatupita na kutusalimia, na hakuitika, yeye aliyekuwa akiitikia hata watoto.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Usimwambie. Hata mama yako."

"Kwa nini? Watu watasema umevunja mali ya ushirika kwa mchezo wa shule."

"Waseme." Akaendelea kutembea, nami nikamfuata. "Mashine inayovunjika, mayu, inavunjika ikiwa kazini. Inayokatwa ni chuma chakavu."

Nililia njia nzima iliyobaki, naye hakuninyamazisha. Nikatunza ahadi. Sokoni walimcheka kwa miaka, wakimwita mwanasayansi, wakimuuliza bei ya mawe mwaka huu. Alicheka nao. Kisha aliweka chini alichobeba, akatanua mikono kuwaonyesha upana wa ule ufa kwenye nguzo, na kila mwaka mikono yake ilitanuka zaidi.